Sarafu Mbili Chini ya Kitambaa

Jumatatu, 6 Mei 1996

Shule imefunguliwa na mvua. Mabati ya darasa letu yalipiga kelele mpaka Mwalimu Ondieki akaacha kufundisha, akasimama kando ya ubao mikono nyuma, akingoja mbingu zimalize. Hazikumaliza. Ndipo akachukua chaki na kuandika swali kwa herufi kubwa, kwa sababu sauti yake haikuwa inafika hata kwa dawati la mbele. Aliliandika kwa Kiingereza, mimi naliweka hapa kwa Kiswahili, lugha ninayofikiria nayo nikiwa nimekasirika:

Nimerusha sarafu mbili. Angalau moja imeonyesha kichwa. Kuna uwezekano gani kwamba zote mbili ni vichwa?

Shilingi ina kichwa upande mmoja na ngao upande wa pili, kila mtu anajua. Darasa zima likapiga kelele kushinda mvua: nusu! Wa kwanza kusema alikuwa Nyaboke, jirani yangu wa dawati tangu Fomu Wani na rafiki yangu tangu darasa la tano.

Mimi sikusema. Nilichora. Sarafu mbili zinaweza kuanguka kwa njia nne: kichwa na kichwa, kichwa na ngao, ngao na kichwa, ngao na ngao. Mwalimu ameshatuambia kuna angalau kichwa kimoja, basi ile ya ngao na ngao nikaikata. Zimebaki tatu. Katika hizo tatu, ni moja tu yenye vichwa viwili. Nikainua mkono: theluthi.

Nyaboke akanigeukia, akaniita kwa jina kama nimemkanyaga mguu. "Asli, sarafu haijui mwenzake imeangukaje. Moja ni kichwa, sawa. Iliyobaki ni kichwa au ngao. Theluthi inatoka wapi?"

Mwalimu Ondieki akafuta ubao. Tulimwomba jibu mpaka kengele ikalia. Hakutoa.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Barabara ya kuja shuleni imekuwa uji. Nyaboke bado anasema nusu.

Jumapili, 12 Mei

Baba ametuita sote sebuleni baada ya chakula. Duka linahamia Isebania mwezi wa nane. Anasema Migori biashara ya nguo imejaa watu, kila mtu anauza kitenge, lakini Isebania ni mpakani, malori hayalali, watu wa Sirare upande wa Tanzania wanavuka asubuhi na jioni na kila anayevuka ananunua kitu.

Nikamuuliza, kwa jina la Kisomali tunalomwitia baba nyumbani, "Na shule yangu, Aabo?"

"Isebania kuna shule."

"Nimebakisha mwaka mmoja na nusu."

Baba si mtu wa kufoka. Watu wanamwita Mohamednur wa vitambaa, na hata wateja wanaomkopa na kutoroka anawaombea dua. Akasema, "Siwezi kumwacha binti yangu mji ambao hana nyumba. Lakini mimi si jiwe. Niletee sababu moja nzuri na mahali pazuri, tutaongea."

Sababu moja na mahali pamoja. Nimeyaandika ili asije akasema sikumsikia.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwambia Nyaboke juu ya Isebania. Alifungua mkebe wake wa jiometri, akaufunga, akaufungua tena.

Mama yake, Emmah, ambaye sote tunamwita Mama Emmah, ni fundi. Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka letu, chini ya kivuli cha mabati, tangu nikiwa na miaka kumi. Mteja akinunua kitambaa kwa Baba anageuka tu, anapimwa pale pale. Kwa hivyo si mimi pekee nitakayeguswa na kuhama huku. Baba anasema mpangaji mpya atamwacha pale. Mama Emmah anasema Mungu ndiye anajua.

Jumatatu, 20 Mei

Leo nimepata sababu.

Kutakuwa na mashindano ya hisabati Homa Bay mwezi wa saba, shule zote za wilaya zilizokuwa South Nyanza ya zamani. Kila shule inapeleka wanafunzi wawili. Shule yetu haijawahi kupeleka hata mmoja. Watu wanatuita shule ya mabati, na wanaosema hivyo ni wale wenye mabati pia.

Mwalimu Ondieki ametuchagua Nyaboke na mimi. Lakini ana sharti, na alilisema akitabasamu kama mtu aliyeficha kitu mfukoni: "Lile swali la sarafu. Mtanipa jibu moja, nyinyi wawili, na kila mmoja aweze kulitetea. Siwezi kupeleka Homa Bay watu wawili wanaovutana kama punda wa mkokoteni. Mkishindwa kukubaliana, nitapeleka wengine."

Rahisi. Nyaboke nitamshawishi kabla ya Ijumaa.

Ijumaa, 24 Mei

Sijamshawishi.

Jumanne, 28 Mei

Nimemchorea zile njia nne kwenye karatasi, kwenye mchanga, kwenye vumbi la dirisha. Anakubali njia ni nne. Anakubali moja inakatwa. Halafu anasema, "Lakini kichwa na ngao, ngao na kichwa, si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Ukiwa na shilingi ya zamani na shilingi mpya, utaona ni njia mbili."

"Basi tuseme ile ya zamani ndiyo kichwa. Mpya je? Kichwa au ngao. Nusu. Tuseme mpya ndiyo kichwa. Ya zamani je? Nusu. Ikiwa kila upande ni nusu, Asli, hiyo theluthi yako inaingilia mlango gani?"

Nilijua kuna kosa mahali lakini sikuweza kuliwekea kidole, na yeye akaona. Nimekuja nyumbani bila kumuaga.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua zimepungua. Upepo wa leo umetuletea harufu ya tumbaku inayokaushwa. Nimeamua kuacha maneno. Sarafu zenyewe zitasema.

Jumapili, 9 Juni

Nimerusha sarafu mbili mara mia moja, kwenye mkeka, mama akiniuliza kama nimeanza uganga. Kila nilipoona kichwa, kimoja au viwili, niliweka alama. Alama zilifika sabini na nne. Katika hizo, vichwa viwili vilitokea mara ishirini na sita. Hiyo ni karibu theluthi, na iko mbali kabisa na nusu.

Kesho kutwa Nyaboke atanyamaza.

Jumanne, 11 Juni

Hakunyamaza. Amerusha pia, mara mia moja, barazani, na mama yake akimsaidia. Alipata kichwa mara hamsini na mbili. Katika hizo hamsini na mbili, ile sarafu nyingine ilikuwa kichwa mara ishirini na tano. Nusu kamili, au karibu kabisa.

Haiwezekani. Kati ya mara mia, mtu apate angalau kichwa kimoja mara hamsini na mbili tu? Inatakiwa iwe karibu sabini na tano. Mtoto wa darasa la nane angeona.

Ijumaa, 14 Juni

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Mwalimu Ondieki alituambia leo kwamba Jumatatu ya tarehe mosi Julai ndiyo siku ya mwisho. Kama hatuna jibu moja siku hiyo, atachagua wengine. Nilitoka shuleni nikiwa na moto kichwani. Nilimkuta Nyaboke barazani akimshikia mama yake kitambaa cha sare. Wateja walikuwa wengi: mwalimu wa shule ya msingi, mama wawili wa samaki, mzee aliyekuja kupunguziwa suruali. Baba alikuwa mlangoni.

Nikamwambia, "Zile hesabu zako, ulizipika."

Akasema taratibu, "Rudia."

Nikarudia. Nikasema kwa sauti. Nikasema hakuna mtu aliyerusha sarafu mara mia na kupata vile, kwamba aliketi tu akaandika nambari zinazompendeza kwa sababu hawezi kukubali kushindwa, na kwamba Msabato wa kwenda kanisani kila Jumamosi angeona aibu kusema uongo wa aina hiyo.

Cherehani ikanyamaza. Mama Emmah ni mzee wa kanisa, anaaminika mpaka watu wanamwachia watoto wao na funguo zao. Aliinua macho kwangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinimaliza.

"Asli, mwanangu," akasema, "mimi ndiye nilikuwa nazivuta hizo sarafu. Kwa hivyo na mimi ni mwongo?"

Nyaboke alikikunja kile kitambaa cha sare vizuri, kona kwa kona, akakiweka kwa meza, akaondoka akipitia kando ya soko, hakugeuka.

Tulifunga duka. Ndipo Baba akasema, "Ulitafuta sababu ya kubaki. Leo umetafuta sababu ya kuondoka."

Jumatatu, 17 Juni

Nyaboke amehamia dawati la dirishani.

Jumatano, 19 Juni

Bado. Amefunga vitabu vyake vyote na magazeti mapya, hata kile tulichokuwa tunasoma pamoja.

Ijumaa, 21 Juni

Leo msikitini nimeshindwa kusikiliza hotuba. Neno moja linanizunguka tangu wiki iliyopita kama nzi. Mama Emmah alisema, mimi ndiye nilikuwa nazivuta.

Kuvuta! Sarafu hurushwa. Mtu anazivuta kutoka wapi?

Jumapili, 23 Juni

Nimekwenda kwao. Wanaishi nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba ya chumba na sebule, ua umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Nyaboke alikuwa jikoni akichagua maharagwe. Aliponiona hakusimama, hakuniambia nitoke. Mama Emmah alinipa kigoda.

Nikasema, "Mama, naomba unionyeshe vile mlivyofanya. Sijaja kupinga."

Mama Emmah akamwangalia binti yake. Nyaboke akainua bega moja. Basi mama akachukua shilingi mbili na kipande cha kitambaa cha bitana. Nyaboke, bila kuniangalia, akazirusha mezani. Kabla hazijatulia mama akazifunika kwa kile kitambaa. Kisha akaingiza vidole chini yake, akavuta moja, ile iliyogusa vidole kwanza, akaionyesha. Ngao.

"Hii tunaacha," akasema Mama Emmah. "Haina kichwa, haituhusu."

Wakarudia. Akavuta: kichwa. "Hii tunaandika." Ndipo akafunua kitambaa tuone ile nyingine. Ngao. Wakarudia tena. Na tena. Nilikaa nikiangalia mkono wa Mama Emmah ukiingia chini ya kitambaa, na polepole nikaanza kuelewa.

Ile aliyoitupa ya kwanza, iliyotoka ngao: chini ya kitambaa kulikuwa na kichwa. Mimi niliiona, kitambaa kilikuwa kimejikunja. Mimi ningeihesabu, kwa maana kichwa kilikuwepo. Wao hawakuihesabu, kwa maana hawakukiona. Mimi naangalia sarafu zote mbili kisha nasema, kuna kichwa. Wao wanavuta moja tu bila kuchungulia, na ikiwa kichwa ndipo wanasema, kuna kichwa. Maneno ni yale yale. Lakini mimi nimeyapata kwa njia yangu na wao kwa njia yao, na ile njia ya kujua ndiyo inayobadilisha jibu. Ukivuta moja ikawa kichwa, ile iliyobaki chini ya kitambaa ni sarafu ya kawaida kabisa: nusu. Ndiyo maana walipata kichwa mara hamsini na mbili na si sabini na nne. Hawakuongeza nambari wala hawakupunguza.

Hakuna aliyepika chochote.

Nilisema, "Nyaboke, hesabu zako ni za kweli."

Akaendelea na maharagwe. "Nilijua."

"Nimekukosea."

"Ulinikosea barazani," akasema. "Hapa ni jikoni."

Jumatatu, 24 Juni

Nimengoja baraza ijae. Haikujaa mpaka saa kumi. Mwalimu wa shule ya msingi alikuja kuchukua sketi yake, na bahati nzuri au mbaya mmoja wa wale mama wa samaki pia. Nikasimama katikati yao nikasema kwamba Ijumaa ile nilimwita Nyaboke mwongo mbele ya watu, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui, na kwamba namwomba msamaha yeye na mama yake. Yule mama wa samaki akauliza kwa Kijaluo kuna nini, mwalimu akamweleza, wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Nyaboke akasema, "Nimesikia."

Hilo tu. Baba alikuwa akipima kitambaa ndani. Alipima kile kile mara mbili.

Jumatano, 26 Juni

"Nimesikia" si "nimesamehe". Bado yuko dirishani. Asubuhi ni baridi, vumbi limeanza kuruka mahali palipokuwa na matope.

Ijumaa, 28 Juni

Wakati wa mapumziko Nyaboke alikuja na chaki, akaketi kwenye dawati letu kama mtu aliyetoka kunywa maji tu.

"Nimelifikiria tena swali la Mwalimu," akasema. "Yeye hakusema amevuta moja. Alisema angalau moja. Kusema angalau moja ni lazima uwe umeangalia zote. Kwa swali lake, jibu ni lako."

"Na kwa kitambaa chenu?"

"Kwa kitambaa, jibu ni langu."

Nikamuuliza ni nani basi aliyekuwa sahihi. Akanipiga kibao kidogo begani. "Wewe unataka tu mtu mmoja ashinde, Asli. Ugonjwa huo utakuua."

Mimi nilidhani ukaidi wake ni wa mtu asiyesikia. Kumbe alikuwa anasikia kuliko mimi, ila hakubali kitu mpaka akishike mwenyewe. Ni ukaidi wa fundi. Kitambaa hakikatwi kwa maneno ya mteja, hupimwa kwanza.

Jumatatu, 1 Julai

Tumempa Mwalimu Ondieki jibu, tukiwa wawili mbele ya ubao, na sarafu mbili na kitambaa cha bitana. Theluthi kwa swali lake. Nusu kwa letu. Nyaboke ndiye aliyetetea theluthi, mimi nikatetea nusu. Tulipanga hivyo makusudi.

Mwalimu aliketi juu ya dawati la mbele kama mwanafunzi. Tulipomaliza akasema, "Swali hili nilifundishwa chuoni, na mimi nilikuwa najua theluthi peke yake. Jambo la kitambaa sikuwahi kulifikiria." Akaomba tumuonyeshe tena, akazirusha mwenyewe.

Tunaenda Homa Bay!

Jumanne, 9 Julai

Tunafanya mazoezi kila jioni. Duara, logarithmu, uwiano. Nyaboke ananishinda kwa duara. Mimi namshinda kwa kasi.

Jumatano, 17 Julai

Habari mbaya. Mashindano yamegawanywa: maandishi Ijumaa tarehe 26 mchana, maswali ya ana kwa ana Jumamosi tarehe 27.

Jumamosi ni Sabato ya Nyaboke.

Mwalimu alitangaza haya akiwa anaangalia sakafu. Nyaboke akasema papo hapo, bila hasira, "Ijumaa nitaandika. Jumamosi sitafanya." Mwalimu akasema labda Mungu ataelewa, ni mara moja tu. Nyaboke akasema, "Anaelewa. Ndiyo maana aliiweka wazi."

Mwezi wa tano ningemwambia anatuangusha. Ningemwambia mimi nahitaji sababu ya Baba na yeye anajua. Leo nilimwangalia tu. Mtu huyu ndiye aliyekataa kukubali theluthi yangu kwa wiki saba kwa sababu mikono yake ilimwambia vingine. Ningetaka awe mwingine Jumamosi moja kwa ajili yangu?

Nikamwambia Mwalimu, "Jumamosi nitasimama peke yangu."

Alhamisi, 25 Julai

Kesho Baba anatupeleka mwenyewe kwa pikapu, ana mzigo wa vitambaa wa kupeleka Homa Bay; Mwalimu anakwenda kwa matatu. Mama Emmah ametushonea blauzi mbili zinazofanana.

Ijumaa, 26 Julai. Homa Bay

Tumepita Rongo, tukapita Rodi Kopany siku ya soko ng'ombe wakiwa barabarani, Baba akipiga honi kwa adabu. Mtihani ulikuwa saa nane. Nyaboke aliandika kama anayeshona pindo, mstari kwa mstari, hakufuta kitu. Matokeo yalibandikwa saa kumi na moja: tuko wa pili! Mbele yetu ni wavulana wa shule moja kubwa ambao walikuja na basi lao.

Jua lilipoanza kushuka Nyaboke alifunga vitabu vyake, akanipa vyote. "Sasa usiniambie kitu chochote cha hesabu mpaka kesho jua lizame," akasema. "Chochote. Hata kama umeshinda. Hata kama umezimia."

Jumapili, 28 Julai. Nyumbani

Naandika yote kwa mfululizo.

Jumamosi asubuhi Nyaboke alikwenda kanisani, mimi nikaenda ukumbini na Mwalimu. Baba nilidhani yuko sokoni. Nilimwona ameketi nyuma kabisa, kofia yake nyeupe kati ya wazazi wa wavulana, mikono magotini.

Majaji walikuwa watatu. Mkubwa wao, Madam Phelesia, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alisoma maswali kama anayesoma matangazo ya msiba. Mimi na mvulana mmoja wa ile shule iliyokuwa mbele yetu tulibaki jukwaani. Aljebra nilipata. Uwiano nilipata. Kisha akasoma:

"Mtu amerusha sarafu mbili. Anakuonyesha moja. Ni kichwa. Kuna uwezekano gani kwamba nyingine pia ni kichwa?"

Mvulana alipiga kengele kabla Madam hajamaliza. "Theluthi!" Watu wake wakapiga makofi. Hata mimi ulimi wangu ulikuwa umeshalishika neno hilo. Theluthi. Neno langu la muhula mzima, nililolipigania mpaka nikamtukana rafiki. Nilifungua mdomo, nikaona mkono wa Mama Emmah ukiingia chini ya kitambaa.

Madam Phelesia akasema, "Na wewe?"

Nikasema, "Samahani, Madam. Huyo mtu, hiyo sarafu aliyonionyesha, aliichaguaje?"

Jaji mmoja akaangalia karatasi yake. Madam Phelesia akavua miwani. "Kwa nini unataka kujua?"

"Kwa sababu kama aliangalia zote mbili kwanza, akatafuta kichwa cha kunionyesha, basi ni theluthi kama mwenzangu alivyosema. Lakini kama alivuta yoyote bila kuchungulia, ikatokea kichwa, basi ile nyingine ni nusu."

"Na kama huyo mtu ameshakwenda zake, hayupo wa kumuuliza?"

"Basi siwezi kusema jibu moja, Madam. Nikisema, nitakuwa nakisia, si kupiga hesabu. Nitakupa yote mawili na sababu zake."

Jaji wa kushoto akasema karatasi ina jibu moja tu. Wa kulia akasema jibu ni jibu, wasianze kubembelezana na watoto. Waliongea kwa sauti ya chini muda mrefu. Nilisimama. Mwishowe Madam Phelesia aliomba shilingi mbili, akaniomba leso, nikaonyesha pale mezani njia zote mbili, watu wa mbele wakisimama kuangalia. Akasema, "Swali limeandikwa vibaya. Msichana amelirekebisha. Alama ni zake."

Swali la mwisho lilikuwa la duara, na duara si langu, ni la Nyaboke. Nilikosa. Tumebaki wa pili, nyuma ya wavulana kwa alama moja.

Nje, Baba hakusema hongera. Alisema, "Ile hesabu sikuielewa. Lakini nimeona watu wazima wakingoja wewe ufikiri." Kisha akasema, "Mwenzako yuko wapi?"

"Kanisani, Aabo. Na hataki kuambiwa kitu mpaka jua lizame."

"Basi tungoje."

Tulimkuta ameketi kwenye nyasi za uwanja wa kanisa, unapoona ghuba chini. Magugu maji yamelijaza ziwa mpaka mtu angedhani unaweza kulilima. Nilikaa kando yake na mdomo wangu umejaa. Aliniongelea kuhusu mahubiri, kuhusu wimbo mpya wa kwaya, kuhusu viatu vya mke wa mchungaji. Kila nilipovuta pumzi aliinua kidole. Baba aliegemea pikapu akila njugu, akiangalia upande wa Mbita ambako jua lilikuwa halina haraka yoyote.

Likazama. Nyaboke akanigeukia na magoti yake yote mawili. "Haya! Sema!"

"Swala kwanza," akasema Baba kutoka nyuma, ameshashika birika la kutawadha. "Magharibi imeingia. Habari haiozi."

Ungeona uso wa Nyaboke. Nilimngoja kutwa, sasa akaningoja yeye. Nilipomaliza kuswali alikuwa amesimama ananyonga kanga yake kama nguo ya kufua, nami nikamwambia yote, kuanzia kengele ya mvulana mpaka leso, na lile duara. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akanifokea kwa lile duara, akalichora na kijiti mchangani mpaka giza likatufunika.

Leo asubuhi tumerudi, sisi watatu kwenye kiti cha mbele. Baba aliendesha. Tulipoiacha Rodi Kopany nyuma akauliza, macho barabarani:

"Nyaboke, kwenu mnaishi wangapi?"

"Wawili. Mimi na mama."

"Pombe?"

"Hatuigusi, Baba."

"Nguruwe?"

"Hata harufu."

"Na binti yangu akitaka kwenda msikitini Ijumaa?"

Nyaboke akafikiri. "Ataenda. Halafu Jumamosi atatupashia chakula, sisi hatuwashi moto."

Baba akatoa sauti ndogo ya puani, ambayo kwake ni kicheko. Tukapita mashamba ya miwa, tukapita Rongo. Sikuthubutu kumwangalia. Nyaboke alikuwa ameshika kidole changu kimoja na kukifinya mpaka kikafa ganzi. Tulipoanza kuteremka kuelekea Migori ndipo Baba alipobadilisha gia, akasema kama anayeendelea na mazungumzo ambayo hayakukatika:

"Asli akikaa kwenu, nyama mtanunua kwa Abdullah, yule mchinjaji wa karibu na msikiti. Mwambieni Mama Emmah asinunue kwingine."